Sababu Nyingine, Taja

Idara ya Takwimu, chumba namba 6
14 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha ukaidi. Sisi huku hatujambo. Mwanangu mkubwa ameingia sekondari na sasa anajifanya hanijui tukikutana mbele ya rafiki zake. Mdogo bado ananililia viatu vya mpira. Shangazi aliyenilea anakusalimu sana. Anauliza ni lini utakubali kuvaa kifaa cha kusikilizia ili tukupigie simu kama watu wengine, badala ya kuhangaika na stempu. Nimemwambia asituharibie, barua zako ninazipenda.

Sasa jambo lenyewe. Nimebebeshwa mzigo. Mkuu wa idara ameniteua kuandaa mtaala wa shahada ya uzamili ya takwimu za biashara: miaka miwili, mihula minne, kozi kumi na mbili na tasnifu. Anataka kila kozi iwe na maneno "akili mnemba" kwenye jina lake, hata ile ya kuchagua sampuli. Nimekataa mara tatu, mara ya nne nikanyamaza. Tumewahoji wadau pia, watu wa benki, wa viwanda na wa maduka makubwa, na kilio chao ni kimoja: wahitimu wetu wanazijua fomula, lakini wakipewa data za kweli wanatoa macho tu. Ndiyo maana nimeamua programu nzima isimame juu ya data moja ya kweli. Mwanafunzi aanze nayo siku ya kwanza, amalize nayo tasnifu.

Na unajua ni ipi. Wiki iliyopita nilifungua kabati la chuma kwenye stoo ya idara nikakuta maboksi yenu manane ya utafiti ule uliouongoza. Biashara ndogo mia mbili, miezi ishirini na nne mfululizo, fomu elfu nne na mia nane, zote zimejazwa kwa kalamu. Mkuu wa idara nusura acheze. Ukurasa wa tatu wa andiko letu umeshaandikwa kwamba utafiti ule haukupoteza mhojiwa hata mmoja kwa miaka miwili, jambo ambalo sijawahi kulisikia popote. Chumba kipya cha kompyuta kitapewa jina lako. Seneti inakaa mwishoni mwa Mei, na programu ikipita tunakuomba uje Oktoba utoe mhadhara wa kwanza.

Kuna swali dogo. Fomu ninaziingiza kwenye kompyuta kwa mkono wangu, maana kazi hii simwamini mtu. Mhojiwa namba 117 ni fundi cherehani, mlango wa kijani, anashona sare za shule. Unamkumbuka? Maelezo yake yamenivutia, sijui kwa nini.

Mpwa wako,
Desimali


9 Februari

Mpwa wangu Desimali,

Marahaba. Barua yako imefika kona moja imelowa, lakini inasomeka. Goti ni lilelile, nalo lina maoni yake kuhusu kila ngazi. Binamu yako, huyu fundi umeme niliyemzaa mwenyewe, ameniwekea ukumbini taa inayojiwasha mtu akipita. Inajiwasha hata nikiwa nimekaa kimya peke yangu. Anasema ni hitilafu ndogo, ataitengeneza.

Nimefurahi kupita kiasi. Nilikubandika jina la Desimali ukiwa na miaka minne, kwa kuwa ulikuwa mdogo kuliko wote nyumbani na nilisema huyu hajafika hata moja kamili. Leo unaandika mtaala wa uzamili. Mwambie mkuu wako wa idara kwamba akili ya kwanza ni ile iliyo kichwani mwake, na kama hiyo imelala, hizo nyingine hazitamsaidia.

Ushauri wangu ni huu. Usianze na kompyuta. Mpe mwanafunzi fomu, kalamu na viatu imara. Sisi tulikuwa wadadisi kumi na wawili, ndivyo wakusanyaji wa data tulivyoitwa, na kila mmoja alikuwa na biashara zake kumi na sita au kumi na saba. Unakwenda tarehe ileile kila mwezi, saa ileile. Unauliza maswali thelathini na mawili kwa mpangilio wake bila kuruka. Mhojiwa akikosekana mara tatu anafutwa kwenye orodha. Wenzangu walikuwa wakilalamikia watu kuhama na kufunga biashara. Tuliwabembeleza, tuliwafuata hadi kwenye vyumba vipya, na hatukumfuta mtu. Hilo lifundishe, lina faida kuliko fomula nyingi.

Jina langu kwenye mlango, hapana. Watu watadhani nimekufa. Mhadhara nitaufikiria.

Wasalimu watoto. Huyo wa viatu mwambie nimemsikia.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila maji yanakatika kila Jumatano na mkubwa amepata kisingizio cha kutooga. Shangazi amelazwa siku mbili kwa presha, sasa yuko nyumbani anafoka kama zamani, kwa hiyo amepona.

Hukunijibu kuhusu namba 117. Nilidhani umesahau. Sasa nakuuliza tena, na safari hii najua ninachouliza.

Fomu hazina majina, zina namba tu. Kwenye fomu ya Machi, mwezi wa sita wa utafiti, sehemu ya maelezo umeandika hivi: "Kanyagio la mashine limevunjika kipande. Amelifunga kwa utepe mwekundu." Niliisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti. Utepe ule ulikuwa wa nywele zangu. Nilikuwa na miaka minane, niliufungua mwenyewe kichwani nikampa mama. Namba 117 ni mama yangu.

Kwanza nilifurahi, mjomba, nilifurahi hadi nikajifungia mlango. Unajua nilivyoondoka. Shangazi alinichukua wiki ileile ya mazishi na sanduku moja la nguo. Sina mwandiko wa mama, sauti yake nimeisahau. Ghafla ninamwona mwezi kwa mwezi: Oktoba ameshona nguo sitini na moja, Novemba arobaini, Desemba amelalamikia vifungo vibovu. Nilimsoma hadi fomu ya tisa, tarehe 18 Juni.

Mama alifariki tarehe 21 Juni. Nikageuza karatasi nikitegemea kukuta mwisho, nikakuta fomu ya Julai. Mhojiwa yupo, saa nne asubuhi, ameshona nguo ishirini na tisa. Kisha Agosti, kisha Septemba, hadi fomu ya ishirini na nne. Fomu kumi na tano baada ya kuzikwa. Mwandiko ni wako kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Huenda kuna maelezo mepesi. Labda fundi mwingine alichukua mashine, nanyi mkaacha namba ileile. Nieleze tu. Nani alikaa nyuma ya mlango wa kijani baada ya mama?

Mpwa wako,
Desimali


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, uniwie radhi. Pole kwa shangazi. Binamu yako mzima, kazi zake zinakwenda. Ile taa amebadilisha swichi na waya wake, bado inajiwasha.

Kuhusu namba 117, iache. Wapo wengine mia moja tisini na tisa, wafundishie hao, wanatosha kwa hesabu yoyote mtakayofanya. Data ni yenu, itumieni, wala sidai jina mlangoni.

Sina hasira nawe. Usiniandikie tena habari hiyo.

Mjomba


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wazima, shangazi mzima. Habari nyingine za nyumbani sinazo, kichwa changu kina habari moja tu na wewe umeniambia nisiiandike. Naiandika.

Namba za kubuni nazijua, ndiyo kazi inayonilisha. Mtu akibuni huzipenda mno tano na sifuri, au huzikwepa mno. Hupandisha polepole na kushusha polepole, anaogopa kumshtua msomaji. Nimezipima fomu zile kumi na tano kwa kila kipimo tunachofundisha, na zimepita vyote. Januari shule zinapofunguliwa nguo zinapanda hadi mia moja na nne. Aprili maji ya mvua yanaingia mtaani, naye anafunga siku sita, na jirani zake namba 116 na 118 wamefunga siku sita vilevile. Kompyuta haijui kwamba amekufa. Nilikaa mbele yake mchana kweupe, watu wanapita koridoni wakicheka, nami nikainuka nikaufungua mlango.

Kisha nikasoma maelezo. Septemba: "Amepaka mlango rangi upya." Oktoba: "Amepata mashine ya pili." Mama yangu aliye kaburini anapata mashine ya pili. Na Desemba, mjomba, Desemba umeandika: "Anasema binti yake ameshika namba moja hisabati." Nilishika kweli. Mwezi uleule, kwa shangazi, safari ya siku nzima kutoka kwenye mlango wa kijani. Nililia siku ile kwa kuwa sikuwa na wa kumwonyesha karatasi. Wewe ulijuaje?

Hukuja. Miaka miwili hukuja kuniona hata siku moja. Ulinitumia madaftari kwa posta, na shangazi alikuwa akinidanganya kwamba kazi zimekubana. Kumbe kila mwezi ulikuwa na nafasi ya kwenda kwake.

Nimekagua fomu zote elfu nne na mia nane. Kuna nafasi mbili tu zilizoachwa tupu pasipo ruhusa ya fomu, na zote ni zake. Ya kwanza iko fomu ya tisa, ile ya Juni. Swali la kumi na mbili, kwa nini saa za kazi zimepungua, umezungushia namba sita, "sababu nyingine, taja." Hukutaja. Ya pili iko fomu ya mwisho, swali la thelathini na mbili: "Je, unatarajia biashara hii itakuwepo baada ya mwaka mmoja?" Hapo hakuna kitu.

Tarehe 20 Mei natakiwa kutia saini ukurasa wa tatu, ule unaosema utafiti haukupoteza mtu. Nikitia saini, programu yangu yote itasimama juu ya uongo, na wanafunzi wangu watamtumia mama yangu kufanyia mazoezi bila kujua kwamba ni maiti. Nikikataa, nitakuvua nguo hadharani. Niambie ukweli, halafu nitajua la kufanya.

Desimali


5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na uniwie radhi kwa ile barua ya Aprili. Sisi tuko salama. Taa ya ukumbini nimemwambia binamu yako aiache ilivyo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilianza kujibu mara nne nikachana. Nitakueleza tangu mwanzo, usinikatize.

Tarehe 18 Juni, saa nne asubuhi, niliingia mlango wa kijani. Nilikuwa na watu wengine kumi na mmoja wa kuwafikia kabla ya saa nane. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mashine lakini hakuwa anashona. Mkono mmoja ulikuwa umeshika meza. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Nililiona jasho lile, Desimali. Sitaki uniwazie kwamba sikuliona.

Nikafungua fomu. Swali la kumi na moja, saa za kazi zimepungua mwezi huu? Akasema zimepungua. Swali la kumi na mbili, kwa sababu gani? Yapo majibu sita: wateja wachache, ukosefu wa vifaa, mashine mbovu, ushindani, hali ya hewa, na la sita, sababu nyingine. Akasema, "Andika la sita." Nikazungushia. Akasema, "Kaka, kaa kidogo nikwambie."

Nikamjibu, "Utaniambia mwezi ujao, dada. Leo nakimbizana na saa."

Akacheka kidogo, akasema haya. Akajibu maswali yote yaliyobaki. Lile la mwisho, kama biashara itakuwepo mwakani, alisema itakuwepo. Nikaaga. Siku ya tatu alianguka mlemle chumbani, na nilipofika walikuwa wameshamfunika. Daktari alisema ulikuwa ugonjwa wa siku nyingi na kwamba ilifaa mtu amlete mapema. Hakusema mtu gani. Nilimuuliza dada yangu maswali thelathini na mawili na hakuna hata moja lililouliza hali yake. Na fomu ile niliitunga mimi.

Julai nilikwenda kuandika msimbo wa tisa, "mhojiwa hayupo," kama kanuni ilivyotaka. Ufunguo ulikuwa kwangu. Chumba hakikupata mpangaji muda mrefu, mtu akifia ndani watu hukikwepa. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Mashine ilikuwa palepale, na utepe wako. Nikasalimu kwa mazoea, nikauliza swali la kwanza kwa sauti, nikasubiri. Nilimwambia mwezi ujao, na ule ulikuwa mwezi ujao. Nilikwenda ili aniambie.

Usinidhanie nimerukwa na akili. Sikuona mtu, sikusikia sauti. Niliuliza, nikasubiri, na baada ya muda namba ilinijia, hiyohiyo na si nyingine, nikaiandika. Sikuwa nachagua. Nimewaachisha kazi wadadisi wawili kwa kubuni majibu chini ya kivuli cha duka, ninajua kubuni kukoje, na ile haikuwa hivyo. Mashine ya pili sikumpa mimi. Kuhusu hisabati yako, sikuambiwa na mtu. Shangazi aliniandikia habari hiyo mwaka uliofuata, nikakaa chini na barua yake mkononi kama nilivyokaa na yako.

Nilirudi mwezi baada ya mwezi, tarehe ileile, saa nne. Alijibu kila kitu ila kile nilichokifuata. Nikimuuliza kama saa za kazi zimepungua, ni hapana, na fomu inasema kama ni hapana ruka swali la kumi na mbili. Aprili zilipungua, nikashika kalamu kwa nguvu. Ikawa sababu ya tano, mvua. La sita hakulitaja tena. Septemba ya mwisho nilifika swali la thelathini na mbili nikasubiri hadi mchana. Sikupata kitu. Nikafunga daftari, nikarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba.

Kwako sikuja kwa sababu nilikuogopa. Wewe, mtoto wa miaka minane. Ungeniuliza, mjomba, mama ulimwona lini mara ya mwisho, alikwambia nini? Chumba kile kilikuwa rahisi kwangu kuliko swali lako. Nilijidanganya kwamba madaftari yanatosha.

Walinipa cheti kwa kutopoteza mhojiwa, wakanipandisha cheo, na nimestaafu na sifa hiyo. Usitie saini. Niandike kwa jina ukitaka.

Mjomba wako


1 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Watoto hawajambo. Mdogo amepata viatu vyake na siku ya kwanza amekanyaga lami mbichi. Shangazi nimemsomea barua yako. Alilia, kisha akauliza kama unakula vizuri.

Nilikaa na barua yako siku mbili bila kumwambia mtu, kisha nikaenda kwa mkuu wa idara. Ukurasa wa tatu sasa unasema: "Utafiti ulimpoteza mhojiwa mmoja, namba 117, mwezi wa tisa wa utafiti, kwa kifo. Fomu zake kumi na tano zilizofuata zilijazwa na mdadisi na zimeondolewa." Alisema nimemwaga unga wangu mwenyewe, kwamba uzuri wa utafiti ule ulikuwa kukamilika kwake. Nilimwambia sasa ndiyo umekamilika. Jina lako sikuliandika, lakini chumba cha kompyuta kitaitwa chumba cha kompyuta.

Kuzifuta kwenye kompyuta kulinichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nafuta mwezi mmoja, nasimama, nakwenda dirishani, narudi. Ile ya Desemba niliifuta ya mwisho. Karatasi zenyewe ziko kwangu, kwenye lile sanduku nililokwenda nalo kwa shangazi. Sizihesabu kama data. Nizihesabu kama nini sijajua.

Nimeongeza kozi ya kumi na tatu, muhula wa kwanza, inaitwa Mhojiwa na Fomu. Kila mwanafunzi atafuata biashara moja kwa miguu miaka yote miwili. Swali la kwanza kwenye fomu ni "Hali yako?" na chini yake kuna mistari mitano mitupu, hakuna msimbo. Mjumbe mmoja wa Seneti akauliza majibu hayo yataingizwaje kwenye kompyuta. Nikamjibu kwamba hayaingizwi, yanasomwa. Walicheka. Programu imepita kwa tofauti ya kura tatu.

Nataka nikwambie wazi kwamba kutokuja kwako bado kunaniuma. Siwezi kukudanganya kwa adabu. Kwa ile asubuhi ya Juni sikulaumu kama unavyojilaumu. Ninao wanafunzi, na najua ni mara ngapi nimewaambia njoo wiki ijayo. Mama alitaka kukwambia nini, hata mimi ningependa kujua. Jana saa nne nilijikuta nimeuliza swali la kumi na mbili kwa sauti, peke yangu ofisini. Sikupata kitu. Kazi ya udadisi sina kipaji nayo.

Zile nafasi mbili tupu. Ya fomu ya mwisho nimeijaza mimi, kwa kalamu, kwa kuwa ndiye mtoto wake pekee. Je, biashara hii itakuwepo baada ya mwaka mmoja? Nimeandika hapana. Mkono uliniuma kama nimeshona siku nzima.

Ya fomu ya tisa si yangu, mimi sikuwepo. Nimeiweka kwenye bahasha hii, fomu yenyewe, si nakala. Tafadhali isipotee. Mhadhara wa Oktoba bado ni wako ukiutaka.

Mpwa wako,
Desimali


18 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie shangazi nakula. Taa ya ukumbini imetulia. Binamu yako anajisifu kwamba hatimaye ameitengeneza, nami sikubishana naye.

Fomu nairudisha kwa mkono wa binamu yako, ana kazi huko wiki ijayo, posta sikuiamini kwa hili. Niliiweka mezani leo saa nne asubuhi. Nafasi ya kutaja ni fupi, niliibana mwenyewe wakati ule ili fomu ienee ukurasa mmoja, kwa hiyo nimeandika hadi pembeni. Nimeandika: "Alikuwa mgonjwa. Nilimwona. Alitaka kuniambia na sikukaa." Nimetia tarehe ya leo na saini yangu, ili mtu asiseme nimebuni.

Oktoba nitakuja. Mhadhara utakuwa mfupi, nitawaonyesha karatasi hiyo basi. Ukiisha, tafuta chumba chenye viti viwili na ufunge mlango. Nataka uniambie ile miaka miwili ambayo sikuja, tangu wiki ya mazishi, na ile siku ya hisabati, na karatasi uliyokosa wa kumwonyesha.

Siji na fomu. Saa nitaiacha kwa binamu yako. Nitakaa hadi umalize.

Mjomba wako